Jinsi ya Kuomba Leseni ya Kituo cha Afya cha Kibinafsi Jijini Nairobi

Anayetaka kufungua zahanati au hospitali ya kibinafsi jijini Nairobi huomba usajili na leseni kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, linalofanya kazi chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya. Kabla ya kujaza fomu, amua kiwango cha kituo: zahanati ni kiwango cha 2, kituo cha afya ni cha 3, nazo hospitali huanzia cha 4 hadi cha 6, ilipo Hospitali Kuu ya Kenyatta. Omba kiwango unachoweza kukitimiza sasa, kwa kuwa wakaguzi hupima vifaa na wahudumu waliopo.

Sajili biashara au kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha upate kibali cha biashara cha kaunti pamoja na idhini ya maafisa wa afya ya umma. Ombi huwasilishwa mtandaoni kwa baraza likiwa na hati hizo na leseni za wahudumu ambazo bado hazijaisha muda. Ukiwa na duka la dawa, Bodi ya Dawa na Sumu nayo lazima ikuidhinishe. Maabara na mashine ya eksirei pia zina wasimamizi wao, na leseni ya baraza haichukui nafasi ya vibali vyao.

Ukaguzi ndipo wengi hukwama, na mara nyingi ni kwa sababu ya taka. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa njano ni wa taka zenye maambukizi, na mwekundu ni wa zile hatari zaidi, kama vile sehemu za mwili. Sindano hutumbukizwa katika kasha gumu papo hapo zinapotumika, na kasha hufungwa likijaa robo tatu. Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa la kuwaridhisha wakaguzi tu, kwani anayedungwa na sindano iliyotupwa ovyo aghalabu ni mhudumu wa usafi. Uwe pia na mkataba na msafirishaji wa taka aliyeidhinishwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kasoro zikipatikana, zirekebishe kisha uombe kukaguliwa upya. Leseni ikitolewa, itundike mapokezi, mgonjwa aione. Muda wake huisha tarehe 31 Desemba, kwa hivyo anza kuihuisha mapema: Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, Oktoba 2024, huingia mkataba na vituo vyenye leseni halali pekee.