Kabla hujanunua spika za mtumba, punguza sauti kwanza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Jozi ya kwanza ya spika za mtumba niliyonunua niliisikilizia sebuleni kwa mwenyewe, jamaa kapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, besi inagonga kifuani, mi nikaona hapa ndo penyewe, nikalipa nikabeba. Usiku watu wamelala, nawasha taratibu, mbona muziki wote umeegemea kushoto, kuweka sikio kwenye spika ya kulia twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba za juu, kimya, imekufa. Na ilikuwa imekufa tangu kule sebuleni, ila kwenye mdundo ule nani angejua, spika ya pili ilikuwa inalia kwa niaba ya zote mbili. Yule jamaa hakunidanganya hata neno moja, alipandisha sauti tu basi.

Kwahiyo ukisahau mengine yote humu, shika hili: spika inasikilizwa kwa sauti ya chini kwanza, sauti kubwa ni ya mwisho kabisa kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikimbilia kwenye kitufe cha sauti we mwambie kaka naomba upunguze kidogo, hamna ubaya.

Kabla ya kutoka nyumbani omba picha akiwa amevua zile neti za mbele, na picha ya nyuma inayoonyesha modeli na namba za usajili za kiwandani (serial number) za spika zote mbili. Muulize pia zinatumika mpaka leo au zilikuwa stoo, na je fundi yeyote amewahi kuzifungua? Fundi kufungua sio dhambi ila unataka kujua alibadilisha nini. Ukienda beba simu yenye nyimbo unazozijua vizuri, waya wa jeki ndogo unaoenda kwenye pini mbili zile nyekundu na nyeupe, tochi, betri ndogo ya volti 1.5, na lile bomba la karatasi linalobaki tishu ikiisha. Usicheke, nitakwambia la nini.

Ukifika vua neti na umulike ule mzunguko unaoshika koni, lile pia linalotikisika, pembeni. Kuna wa mpira na kuna wa sponji. Wa mpira unadumu sana, wa sponji una umri wake, miaka 10 mpaka 20 hivi, na joto na unyevu vinauharakisha, unaanza kunata alafu unakatika kama keki kavu. Gusa kidogo kwa ncha ya kidole, ikibaki unga unga ujue hiyo inahitaji kuvishwa upya. Inafanyika na ikifanywa vizuri spika inarudi kama zamani, sema hiyo gharama itoke kwenye bei sio kwenye mfuko wako.

Alafu weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka ile kofia ya katikati ya wufa, ile spika kubwa ya besi, sukuma ndani polepole na kwa usawa, achia. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia kshh kshh kama mchanga, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza kwenye sumaku, pengine iliungua ikavimba au koni imekaa upande. Hapo mi huwa nashukuru chai naondoka. Twita usiisukume kabisa, ile kuba yake ni laini na ukiibonyeza umeinunua. Kofia ya wufa iliyobonyea ni sura tu, sauti haibadiliki kiasi cha kukunyima usingizi, lakini twita ya chuma iliyobonyea ni habari nyingine.

Linganisha pia kushoto na kulia. Wufa zifanane, rangi ya koni, skrubu, hata vumbi lifanane. Moja ikiwa mpya na nyingine imezeeka ujue imebadilishwa, na sio kila spika ina vipuri vya kufanana nayo. Mfano Yamaha NS-10, zile zenye koni nyeupe zilizojaa kwenye studio, zilitoka 1978 na mwaka 2001 wakasimamisha kuzitengeneza kwa sababu rojo la mbao la kutengenezea koni ile halikupatikana tena. Ukikuta za hivyo uliza koni kama ni zake za asili. Mwisho geuza uangalie chini ya boksi, mbao za kubandikwa zikiingiwa na maji zinavimba kwenye kona na hazirudi tena.

Sasa kusikiliza. Sauti ya chini, ya kiasi ambacho mnaweza kuongea bila kunyanyua sauti. Zungusha balansi yote kushoto usikilize peke yake, alafu yote kulia. Chukua lile bomba la tishu, mdomo mmoja kwenye twita mwingine sikioni, usiguse kuba, utasikia iwapo vile vyuma vya juu vya ngoma vinatoka au kuna ukimya. Fanya hivyo kwa kila spika ndogo iliyomo kwenye boksi. Hii inachukua dakika mbili na ndo ingeniokoa mimi ile siku.

Baada ya hapo weka mtu anaongea, taarifa ya habari au hotuba yoyote, maana sikio la binadamu linaijua sauti ya binadamu kuliko gitaa, mtu akisikika kama anaongelea ndani ya pipa utagundua bila kuwa mtaalamu. Kisha balansi irudi katikati, sauti ya mtangazaji inatakiwa isimame katikati ya spika mbili kama vile amekaa pale. Ikiwa imetawanyika huioni iko wapi na besi imepungua, nyaya za spika moja zimegeuzwa, badilisha nyekundu na nyeusi upande mmoja tu usikilize tena, wapo wauzaji wanaouza spika nzuri kwa bei ya kutupa kwa ajili ya hili tu, na hapo mi sisemi kitu, nalipa. Mwisho ndo sasa pandisha, nyimbo moja yenye besi nzito, sikiliza kama kuna kitu kinalia ndani ya boksi au koni inakoroma.

Kama hamna umeme au hamna amplifaya ya kujaribia, ile betri ndogo inasaidia. Gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi mara moja tu kama unapiga kibiriti, wufa itasema "pu" na koni itaruka, mara nyingi kwenda nje, ila JBL za zamani zilikuwa kinyume, la muhimu ni zote mbili ziruke upande mmoja. Twita haitakwambia kitu kwa betri. Mwenye mita ya umeme apime omu (ukinzani wa koili), spika ya omu 8 itasoma kama 5.5 mpaka 7, ya omu 4 itasoma kama 3 na kitu, hiyo ni kawaida usishtuke. Isiposoma kabisa koili au waya umekatika.

Amplifaya. Angalia kwanza nyuma imeandikwa volti ngapi, hapa watu wanalia kila siku. Vifaa vilivyouzwa Japani kwa soko la ndani ni volti 100, vya Marekani 120, na nchi nyingi zingine ni 220 mpaka 240, ukichomeka ya 100 kwenye 230 unaona moshi kabla ya muziki. Zingine zina swichi ya kubadilisha, zingine zinahitaji transfoma, na transfoma ya kubeba amplifaya kubwa sio ndogo wala nyepesi.

Ukiwasha nyingi zinasubiri sekunde chache alafu unasikia "tak", hiyo ni rilei inaunganisha spika, nzuri. Ikigoma kulia hiyo tak, amplifaya imeona tatizo ndani yake ikajifungia. Zungusha kitufe cha sauti taratibu bila muziki, ikikwaruza kwaru kwaru ni vumbi tu, dawa ya kupuliza inamaliza. Upande mmoja ukipotea, badilisha nyaya za spika kushoto ziende kulia, kama ukimya umehamia spika ya pili basi tatizo ni amplifaya au kinachoilisha, kama umebaki kwenye spika ile ile ni spika au waya wake. Mwenye mita atoe spika apime volti za dc (umeme wa moja kwa moja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika bila muziki, chini ya milivolti 50 lala usingizi, ikifika mamia achana nayo itakuunguzia koili. Na iache iwake nusu saa mkiwa mnapiga stori, magonjwa mengi ya amplifaya yanatoka ikipata joto.

Risiva za sinema za nyumbani, yaani amplifaya zinazopitisha na picha, zinashuka bei haraka na sababu kubwa ni HDMI, lile tundu la waya wa picha na sauti ambalo hutoka kwa matoleo. Ya 1.4 ilikuja 2009, 2.0 ikaja 2013, 2.1 ikaja 2017, kwahiyo risiva nzito yenye HDMI ya zamani inauzwa karibu na bure wakati kwa muziki mtupu bado ni mnyama. Kama huna mpango wa kupitishia picha za 4K, hilo ndo pori la kuwinda. Sidii pleya nenda na sidii iliyochomwa kwenye kompyuta sio ya kununua dukani, lenzi ikichoka inaanza kuzikataa zile za kuchoma. Deki ya kaseti mikanda yake ya mpira inayeyuka kama lami, isipozunguka usikate tamaa ila hesabu fundi. Sahani ya santuri, ile mashine ya kupigia santuri, chukulia sindano imeisha mpaka uthibitishiwe, na zile za zamani zenye mota inayofuata mapigo ya umeme (hezi), iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiichomeka kwenye hezi 50 itaimba kizembe, transfoma hairekebishi hilo.

Usiuziwe namba. Boksi limeandikwa wati 5000 za PMPO, zile wati za kilele za kwenye matangazo, geuza nyuma usome linakula wati ngapi za umeme, likisema 60 basi hizo elfu tano zimetoka mbinguni.

Bei ulizia zilizouzwa, sio zinazoombwa, mtu anaweza kuomba chochote na tangazo likakaa mwaka. Ukikuta kasoro itaje kwa adabu na utaje gharama ya fundi, usiikandie mali ya mtu ndani ya nyumba yake eti upate punguzo. Na hela usitume kabla hujasikia, hata ya kushikia mzigo, "kuna mwingine anakuja jioni" ni wimbo wa siku zote, acha aje. Namba ya usajili ya kiwandani ikiwa imekwaruzwa usiulize sana, ondoka tu.

Upande wa kuuza ni majaribio yale yale ila unayafanya we mwenyewe kabla mteja hajaja. Futa vumbi kwa brashi laini, usipake rangi na usipige koni polishi, mnunuzi anayejua akiona koni inang'aa anajiuliza unaficha nini. Piga picha mchana dirishani, neti zimevuliwa, mkwaruzo nao uonekane, modeli andika yote mpaka herufi ya mwisho. Kasoro iandike kwenye tangazo, maana mtu aliyeendesha saa nzima akaikutia mlangoni haombi punguzo dogo. Jozi usiitenganishe hata akija mtu anataka moja, hiyo inayobaki utakaa nayo. Rimoti, miguu ya chini, boksi la kiwandani, vyote vitafute, amplifaya yenye rimoti yake inatoka haraka kuliko isiyo nayo. Akija mwache asikilize anavyotaka, na muziki uanze chini, we mwenyewe ndo upunguze.

Kusafirisha, kama lazima. Spika iingie boksi ndani ya boksi na sponji katikati, mbele ya koni pasiguse kitu. Amplifaya uzito wake uko upande wa transfoma, andika nje upande upi ni mzito, mbebaji akiinua katikati itamponyoka. Sahani ya santuri toa lile sinia zito ulifunge peke yake, toa na kizito cha nyuma ya mkono, funga mkono kwa kamba laini, kifuniko cha sindano kiwepo. Na skrubu zote ulizofungua tia kwenye kimfuko ukibandike kwa gundi ya karatasi ndani ya boksi, la sivyo atakupigia saa nne usiku anauliza ziko wapi.