Jinsi ya kucheza tenisi ya meza miaka thelathini Mombasa bila kumaliza magoti na bega

Mchezaji Ni Xia Lian alitwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 1983 akiichezea China. Mpira wakati huo ulikuwa wa milimita 38 na seti ilikwenda hadi pointi 21. Mwaka 2024 mjini Paris, akiiwakilisha Luxembourg, alishinda mechi yake ya kwanza ya Olimpiki hiyo akiwa na miaka 61, kisha akatolewa na Sun Yingsha. Katikati ya miaka hiyo mpira uliongezwa hadi milimita 40 (2000), seti ikapunguzwa hadi pointi 11 (2001), gundi za kuongeza kasi zikapigwa marufuku (2008) na mpira wa plastiki ukaingia (2014). Segun Toriola wa Nigeria naye alicheza Olimpiki saba, kuanzia 1992 hadi 2016.

Wanaodumu hivyo ni wale wanaopunguza mapema hatua wanazokimbia kwa kila pointi, na kila sheria inapobadilika nao hubadilika. Anza hesabu hiyo ukiwa na miaka 25, usingoje goti likuanzie. Hapa Pwani kuna mambo mawili ya kuongeza: joto na unyevu.

Sakafu, viatu na viungo

Kumbi zetu nyingi ni saruji au terazo, na mshtuko wote huishia gotini na kwenye kano ya kisigino. Vaa viatu vya ndani vyenye soli nyembamba ya raba. Viatu vya mbio vina kisigino kirefu. Ukienda upande kwa haraka kifundo hupinduka. Soli ikishalainika chini ya dole gumba, viatu hivyo vimekwisha hata kama juu vinang'aa. Msimu wa kusi, hasa mvua za Mei, terazo hutoa jasho: pangusa sakafu kwa tambara kavu kila seti, na soli kwa tambara lenye unyevu kidogo, maana vumbi lililoshika soli huteleza kama unga.

Mara tatu kwa wiki fanya haya. Simama kwenye ukingo wa ngazi, panda kwa vidole, shuka polepole kwa sekunde tatu: mara 15, seti tatu. Inuka kitini kwa mguu mmoja: mara 8 kila mguu, seti tatu. Kisha chukua kipande cha tyubu ya baiskeli, kifunge kwenye nondo ya dirisha, bana kiwiko ubavuni na uvute mkono kuelekea nje: mara 15, seti tatu. Hili la mwisho watu hulidharau, nalo ndilo linalookoa bega. Forhandi, yaani mpigo wa upande wa mkono unaoshika raketi, huimarisha misuli inayovuta mkono ndani. Ile ya nyuma inayoufungia breki ikibaki nyuma, bega huanza kuuma unapoinua mkono.

Kipimo cha kujua umezidisha ni asubuhi inayofuata. Maumivu yakiwa makali kuliko kabla ya mazoezi, punguza mipira, usiache kabisa. Goti likivimba au likikwama, hilo ni la daktari.

Raba na gundi kwenye hewa ya bahari

Hapa ndipo wachezaji wengi wa Mombasa hupoteza pointi wakidhani wameshuka kiwango. Unyevu ukitanda juu ya raba, ile ngozi inayobandikwa kwenye raketi, mpira huteleza badala ya kung'atwa. Topspini yako (mpigo unaouzungusha mpira kwenda mbele) huishia wavuni ingawa mkono umefanya vilevile. Weka taulo mbili, moja ya uso na moja ya raba, zisichanganywe. Mafuta ya ngozi na chumvi ya jasho ndivyo vinavyoua raba. Baada ya mazoezi ioshe kwa maji safi na sponji laini, ikaushe kivulini, ifunike kwa plastiki yake. Usiiache ndani ya gari kwenye foleni ya feri ya Likoni: joto hulegeza gundi na kukausha raba. Anayecheza siku nne kwa wiki atahitaji raba mpya kila miezi minne hadi sita. Ukiisugulia mpira na ikateleza bila kuushika, muda umefika.

Kubandika ndiko kunakohitaji subira. Kibao kipya, yaani ubao wa raketi, kipake vanishi nyepesi mara moja tu, la sivyo siku ya kubandua raba nyuzi za mbao zitatoka nayo. Kisha gundi ya maji: tabaka mbili kwenye sponji iliyo nyuma ya raba, moja kwenye kibao, zikisambazwa kwa kipande cha sponji. Gundi huanza nyeupe kama tui na hukauka ikawa angavu. Maelezo ya kopo huwa hayakuandikwa kwa hewa yetu, kwa hiyo usiangalie saa, angalia rangi. Doa moja jeupe likibaki karibu na mpini, maji hayo hufungiwa ndani, na baada ya siku chache utakuta uvimbe mdogo ambapo mpira hutoa sauti ya kufa. Kulaza raba anza mpinini, ukiikunja juu kidogo na kuishusha taratibu bila kuivuta. Ikivutwa, itajirudi na kuacha ukingo wa kibao wazi. Iweke chini ya vitabu vizito usiku mmoja, kisha ukate pembeni kwa wembe mpya.

Meza, upepo, maji

Mpira una uzito wa gramu 2.7, kwa hiyo kaskazi ikivuma watu hufunga madirisha yote na ukumbi hugeuka tanuri. Funga upande unakotoka upepo, acha ule wa pili wazi. Meza ya mbao iliyowekwa karibu na dirisha huvimba. Angusha mpira kutoka sentimita 30, unapaswa kurudi takriban 23 kila mahali. Ukipata sehemu inayorudisha chini ya hapo, usifanyie mazoezi ya sevu (mpigo wa kuanzisha pointi) upande huo, utajifunza uongo.

Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Dafu ni zuri lakini lina sodiamu kidogo kuliko jasho linavyotoa. Tia chumvi kidogo tu. Mwezi wa Ramadhani, fanya sevu na hatua nyepesi kabla ya futari, na mazoezi mazito baada ya tarawehe.

Pointi ziishe mapema

Sevu haina umri. Kila kikao jitengee dakika 20 peke yako na kikapu cha mipira. Kiganja wazi, mpira upande angalau sentimita 16 karibu wima, uuguse ukiwa umeshuka hadi karibu kimo cha wavu. Weka karatasi ya A4 upande wa pili, karibu na wavu: sevu fupi lazima idunde hapo, na ikiachwa idunde mara ya pili juu ya meza. Ikiwa ndefu mno, dundo la kwanza upande wako liko karibu na ukingo, lisogeze mbele. Ikipanda juu, umegusa mpira mapema au umekaza mkono. Shika raketi kwa dole gumba na shahada, vidole vingine vilegee.

Ukiwa na miaka ishirini na kitu, vikapu sita vya mipira mfululizo kwa kikao ni sawa. Baada ya 35 fanya vitatu, kila kimoja kikianza na sevu au kupokea sevu, na siku moja ya kupumzika kati ya vikao vizito.

Bekhandi, mpigo wa upande wa pili, ikianza kuchelewa kwa mipira inayolengwa kiwikoni, fikiria raba ya vinundu virefu upande huo, kama anavyotumia Ni Xia Lian. Mpira unaokuja na topspini huurudisha ukiwa umekatwa, yaani ukizunguka kurudi nyuma, na unahitaji kuziba tu bila kuzungusha bega. Badilisha raba hiyo msimu wa mashindano ukiwa umekwisha, upande mmoja tu, chagua aina iliyoidhinishwa na ITTF, shirikisho la dunia la tenisi ya meza, upande mmoja ukiwa mweusi na mwingine wa rangi angavu. Tenga miezi mitatu ya kushindwa na watu uliozoea kuwafunga. Kosa la kawaida wiki za mwanzo ni kuusukuma mpira kwa nguvu ukatoka nje. Shusha kasi ya mkono hadi uhisi kana kwamba unaupokea, kisha anza kuchagua pembe.