Kununua bunduki ya bolti ya kiwandani kwa kuwinda na kupiga mbali, anza na risasi utakayoipata

Mtu akiniuliza anunue bunduki gani ya bolti, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila ukishapiga, namuuliza kwanza risasi zake atazitoa wapi akiwa hapa Arusha. Wengi hawana jibu, wameshaona picha ya bunduki na bei na mtu anapiga bati la shabaha lililo mita 800, basi wamemaliza. Mi nililipia hilo kosa. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya risasi aina ya .300 Winchester Magnum, nzuri kabisa, boksi nilizokuja nazo zikaisha msimu wa pili na baada ya hapo bunduki ikakaa kabatini miezi kibao huku nazunguka kutafuta risasi, na zile chache nilizopata nilikuwa naogopa kuzitumia kwa mazoezi. Sasa bunduki usiyofanyia mazoezi utapiga nayo nini mbali?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa swala, kongoni na pofu ni .308 Winchester au .30-06 Springfield. Moja ni ya 1952 nyingine ya 1906, ni za zamani ndiyo, lakini karibu kila kiwanda kinazitengenezea bunduki na kila anayeuza risasi anazijua. 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007 inapiga mbali vizuri na teke lake ni dogo, naipenda, ila hakikisha umepata mtu wa kukuuzia risasi mwaka mzima ndo uinunue. Na kama unawaza nyati hiyo ni habari nyingine, hapo unaanzia .375 H&H yenye bolti ya kucha kubwa ya mtindo wa Mauser inayoshika ganda tangu linatoka magazini, usijaribu kufanya bunduki moja ifanye kazi zote mbili.

Na kabla hujampa mtu hela, kibali. Maombi ya kumiliki silaha yanaanzia serikali ya mtaa wako yanapanda mpaka polisi, leseni ya kuwinda ni ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), hivyo ni vitu viwili tofauti na kimoja hakikupi kingine.

Haya, tuje kwenye bunduki yenyewe. Za kiwandani siku hizi zimekuwa nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tikka T3x ya Finland, Howa 1500 ya Japani, Bergara ya Hispania, Remington 700 na Savage 110 za Marekani, yoyote kati ya hizo ikiwa nzima itakupa karibu dakika moja ya pembe, maana yake risasi zako zinakaa ndani ya kama sentimita 3 kwa mita 100 na sentimita 9 hivi kwa mita 300. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala ni kama sahani ya kulia chakula. Umeona? Bunduki inatosha, linalobaki ni wewe na upepo, na upepo wa mchana kule Longido anaujua aliyewahi kuulalia, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata kwa pembeni unaisukuma .308 zaidi ya sentimita 15 kwa mita 300, umeshatoka kwenye moyo umeingia tumboni na mnyama anaondoka na maumivu yake porini. Hiyo inaniuma sana na ndo sababu naandika haya.

Ukiwa dukani usikae kuiangalia tu. Hakikisha haina risasi, angalia kwa macho na kwa kidole, alafu chukua noti ya elfu moja ipitishe kati ya mtutu na mbao ya chini yake, ivute taratibu kutoka mbele kurudi nyuma. Inatakiwa ipite bila kukwama mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Ikikwama maana yake kitako (naita hivyo mbao au plastiki yote inayobeba bunduki, sio ya begani tu) kinagusa mtutu na mtutu ukipata moto risasi zitaanza kutembea. Sasa fanya hivi, kamata kitako cha plastiki pale mbele ukibane kwa vidole kuelekea kwenye mtutu, zile za bei rahisi zinajikunja zinagusa, na ukiweka miguu ya kuegemea itakuwa hivyo hivyo kila ukiilalia. Vya mbao vinapendeza lakini mvua za masika zinavivimbisha, mi natumia plastiki ngumu.

Alafu funga macho, ipandishe begani kama unavyopiga, fungua macho. Jicho likikuta darubini bila kusogeza shingo, kitako kinakufaa. Ukitafuta tafuta, urefu sio wako, kuna za kuongeza au kupunguza vipande nyuma.

Mtutu mnene unavumilia moto muda mrefu ila utaubeba wewe. Watu wa shabaha tu wachukue mnene, anayetembea Simanjiro kuanzia alfajiri asizidi kilo 4 na nusu pamoja na darubini. Mtutu mwembamba ukishapiga tatu nne uache upoe, ndo hivyo.

Hela uliyookoa weka kwenye darubini na vishikizo vyake. Nimeona bunduki nyingi zinalaumiwa kumbe skrubu za vishikizo zimelegea, funga kwa spana yenye kipimo, sio kwa nguvu ya mkono. Weka sifuri mita 100, yaani rekebisha darubini mpaka risasi ipige pale unapolenga, na ujue kwamba .308 hapo itakuwa imeshuka kama sentimita 40 ikifika mita 300, piga mwenyewe uone, usiamini karatasi ya kwenye boksi. (Uliyeweka sifuri Dar ukaja huku juu mita 1,400, mita 100 hutaona tofauti, mita 500 utaiona, hewa ni nyepesi risasi inashuka pungufu kuliko ilivyoshuka Dar, maana yake inapiga juu.)

Mwindaji hapati risasi tano za kupasha mtutu, anapata ya kwanza. Mi nina daftari dogo, kila nikienda kulenga napiga moja tu asubuhi mtutu ukiwa baridi, naandika tarehe, upepo, imepiga wapi, ndo naendelea na mengine. Zikifika kumi mfululizo ndani ya sahani kwa mita 200 naenda kukata leseni, na mnyama akisimama mita 250 namwacha mpaka na hiyo 250 nayo ifike kumi.