Kusoma Mwendo kwa Grafu za Mahali na Kasimwelekeo
Soma kwanza mhimili wima, kwa sababu mstari mlalo katika grafu ya mahali huonyesha kitu kilichosimama, ilhali katika grafu ya kasimwelekeo (kasi pamoja na uelekeo wake), ukiwa juu ya sifuri, huonyesha kitu kinachokwenda bila kubadili kasi. Chukua mpira uliorushwa wima kwa mita 20 kwa sekunde, mchapuko wa mvutano wa dunia (kiasi ambacho kasimwelekeo hubadilika kila sekunde) ukikadiriwa kuwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Grafu ya mahali hufika kilele katika sekunde ya 2. Hapo mteremko wake, ambao ndio kasimwelekeo, ni sifuri, kwa hiyo mstari wa kasimwelekeo hukata mhimili wa muda. Wengi hukosea hapa wakidhani mvutano umekoma, ingawa mstari huo unaendelea kushuka kwa mteremko uleule. Ili kupata kimo, kokotoa eneo la pembetatu iliyo chini ya mstari wa kasimwelekeo hadi sekunde ya 2: nusu ya 2 mara 20, yaani mita 20.