Somo: Kitabu pepe kinachosomeka hata kwa asiyeona

Kazi inaanzia kwenye Word, kabla hata ya EPUB (muundo wa faili la kitabu pepe). Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa Heading 1, vijisehemu Heading 2. Ukikuza tu herufi na kuzikoleza, mwenye kuona atajua ni kichwa, lakini programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona kwa sauti, itakichukulia kama aya ya kawaida, na msomaji hataweza kuruka sura hadi sura. Sura mpya ianze kwa kikata ukurasa, si kwa kugonga Enter mara kumi.

Lugha ndiyo inayoviumiza zaidi vitabu vya Kiswahili. Faili nyingi hutoka na alama ya lugha en, yaani Kiingereza, basi sauti ya Kiingereza inayaparamia maneno yetu hadi hayaeleweki. Fungua EPUB kwa Sigil, programu ya kuhariri EPUB: ndani ya content.opf (faili la taarifa za kitabu), dc:language iwe sw, na kila faili la XHTML, yaani lenye maandishi ya kitabu, liwe na lang="sw" xml:lang="sw". Nukuu ndefu ya Kiarabu nayo ipewe ar.

Picha ziandikie maelezo mbadala (alt), sentensi moja au mbili, ukisema kile msomaji anachokihitaji pale. Usianze na "Picha ya". Programu hulitangaza hilo yenyewe. Picha ya pambo tu ipewe alt="" tupu. Ukiiondoa alt kabisa, huenda msomaji akasomewa jina la faili. Jedwali lililopigwa picha lijenge upya kama jedwali.

Ukubwa wa herufi uandike kwa em, kipimo kinachofuata ukubwa anaouchagua msomaji. Maandishi ya kawaida na usuli wake yatofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5:1.

Mwisho pitisha faili kwenye EPUBCheck inayokagua muundo wa faili, kisha Ace ya DAISY inayokagua kama asiyeona ataweza kukisoma, halafu sikiliza sura nzima kwa Thorium Reader (programu ya kufungulia vitabu pepe) na NVDA (programu ya kusoma skrini). Zote ni za bure.

Swali: Ace haikuona kosa. Nimemaliza?
Jibu: Bado. Ace inajua kwamba alt ipo, haijui kama inaeleweka. Hata "mchoro wa kwanza" unapita.

Swali: PDF haitoshi?
Jibu: Kwa riwaya, hapana. Ukiikuza kwenye simu, mara nyingi mistari inatoka nje ya kioo badala ya kujipanga upya.

Swali: Mbona sura yangu inasomwa "M... wanzo"?
Jibu: Herufi kubwa ya pambo umeifungia kwenye span yake (alama ya kuzingira kipande cha maandishi), neno limekatika. Ondoa span, pambo lifanye kwa ::first-letter kwenye CSS, faili la mitindo ya kitabu.