Namna ya kujenga imani ya chanjo kwa watoa huduma za afya wa jamii za walio wachache

Kiongozi wa wodi anayeona kwamba wauguzi wake wa jamii za walio wachache wanachelewa kuchanjwa kuliko wenzao, mara nyingi hukimbilia kubandika mabango na kuitisha semina. Hapo huwa amekwisha kukosea, kwa kuwa amedhani kinachopungua ni elimu. Tafiti za mwaka 2020 na 2021 nchini Marekani na Uingereza, chanjo za UVIKO-19 zilipoanza kutolewa, zilionesha kusitasita kukubwa zaidi miongoni mwa watumishi weusi wa afya, na hao ni watu wanaochoma sindano kila siku.

Anza kwa kusikiliza, mtu mmoja mmoja, faraghani na ndani ya saa za kazi. Swali la "kwa nini hujachanjwa?" humfanya mtu ajitetee, afadhali kumuuliza ni jambo gani angependa kulijua kabla ya kuamua. Anayeuliza asiwe yule anayempangia zamu na kumwandikia tathmini, maana atajibiwa yale yanayomfurahisha mkubwa. Sikiliza pia kama tatizo ni imani kweli, kwani mhudumu wa zamu ya usiku ambaye chanjo hutolewa akiwa amelala hakosi imani, anakosa nafasi, na dawa yake ni kubadilisha saa za kliniki.

Historia ikitajwa, usiikwepe. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu wala kuwaambia ukweli, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Kumwambia muuguzi kwamba hayo yamepita ni kumthibitishia hofu yake. Kubali yaliyotendeka, kisha mweleze kwamba kashfa hiyo ilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1974 iliyoimarisha kamati za maadili ya utafiti na kulinda ridhaa ya washiriki. Hata hivyo, naona Tuskegee hutajwa mno na viongozi wasiotaka kuulizwa ya jana: nani alinyimwa barakoa mwanzoni mwa janga, na ni malalamiko ya nani yaliyowekwa kabatini. Kama kuna jambo la namna hiyo mahali penu, lishughulikieni kabla ya kuzungumzia chanjo.

Maswali ya kitaalamu yajibiwe kitaalamu. Jaribio kuu la chanjo ya Pfizer-BioNTech lilishirikisha watu zaidi ya 40,000, na mRNA iliyomo, yaani maelekezo ya muda ya kuifanya seli itengeneze protini ya kirusi, haiingii katika kiini cha seli, hivyo haina njia ya kubadilisha vinasaba. Kasi iliyowatia wengi shaka ilitokana na hatua kuendeshwa sambamba badala ya moja kusubiri nyingine, juu ya utafiti wa miaka mingi. Taja pia kwamba uvimbe wa misuli ya moyo umetokea kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, kwa sababu muuguzi akilisikia hilo kwingine kwanza, yote uliyomwambia yatapoteza uzito.

Suala la mjumbe lina mtego wake. Inafaa kujua kwamba Kizzmekia Corbett, mwanasayansi mweusi, alishiriki kubuni chanjo ya Moderna, lakini kwa muuguzi anayesitasita, mwenzake wa zamu aliyechanjwa, anayeeleza jinsi mkono ulivyomuuma na homa ilivyompanda usiku, husikilizwa zaidi. Mwombe, usimteue: kumgeuza mtumishi kuwa msemaji wa rangi yake ni kumwongezea kazi isiyo na malipo. Wafagizi, wapishi na wabeba wagonjwa nao waingie katika mazungumzo haya, ingawa kwa kawaida hukumbukwa mwisho.

Anayekataa leo asiandikwe kuwa mkaidi. Mpangie tarehe ya kuzungumza tena, mwachie namba ya mtu wa kumuuliza, na umhakikishie mapema kwamba homa ikimlaza baada ya sindano, siku hiyo haitakatwa kwenye mshahara wake.