Hela ya kikundi iwekwe benki gani? Kakague kama Wanaija walivyojifunza

Wadau, kikoba kikishavunjwa na mzunguko mpya ukaanza, ishu ya akaunti lazima iibuke, na hapa Dar kila mtu ana benki anayoisifia, mara tawi liko karibu pale Kariakoo, mara foleni hamna, mara dada wa kaunta anajua kuongea na watu. Sawa, ila hivyo havikwambii kama benki ina afya. Mimi mweka hazina akiniuliza huwa namsimulia ya Nigeria kwanza, maana wale mabenki yamewafia kwa kila staili na kila yakifa msimamizi wao anaongeza kitu cha kukagua, kwa hiyo kazi ya kufikiri wameshakufanyia.

Anza na leseni. Nigeria kabla ya 1952 ilikuwa unasajili kampuni, unaandika benki mlangoni, unapokea amana za watu, basi. Zikafa kibao, ndo ikaletwa sheria ya mabenki 1952, na benki kuu yao CBN ikaanza kazi 1 Julai 1959. Wewe ingia tovuti ya BoT, Benki Kuu yetu, kuna orodha ya wenye leseni, tafuta jina kamili la taasisi na sio lile la kwenye tisheti za promosheni, halafu soma leseni yenyewe ni ya nini. Kampuni ya kukopesha tu hairuhusiwi kupokea amana, hata ofisi iwe na marumaru mpaka chooni.

Ukimaliza hapo nenda kwenye mtaji, ila usiishie hapo, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Mwaka 2004 gavana wa CBN, Charles Soludo, aliziambia benki zitoke mtaji wa naira bilioni 2 zifike bilioni 25 kabla 2005 haijaisha. Zilikuwa 89, zikaungana na nyingine kufa, zikabaki 25. Watu wakaona sasa tumetulia. Tarehe 14 Agosti 2009 gavana mpya, Sanusi Lamido Sanusi, akafukuza mabosi wa benki 5 kwa mpigo, baadaye wakaongezeka, na jumla ya benki 8 zikamiminiwa naira bilioni 620 zisizame. Mtaji si walikuwa nao? Walikuwa nao, ila walikopesha watu wakanunulie hisa, soko la hisa likaporomoka na mikopo ikaganda.

Kwa hiyo jicho lako liwe kwenye mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi inavyotakiwa. Kila robo mwaka benki zetu zinatakiwa kutangaza hesabu, utaziona gazetini, ukurasa mzima wa namba ndogondogo ambao wengi wanafungia maandazi, na ziko pia kwenye tovuti zao. Usihangaike na ukurasa wote. Shuka mpaka chini kwenye viashiria, tafuta mstari unaogawa mikopo chechefu kwa mikopo yote, una safu mbili, robo hii na robo iliyopita. BoT inataka isizidi asilimia 5. Ukikuta 4 na iliyopita ilikuwa 6, wanajitahidi. Ukikuta 9 na iliyopita ilikuwa 7, mi hapo hela ya kina mama siweki, hata waje na zawadi za vitenge.

Halafu usisome robo moja tu, chukua hata nne. Benki za Nigeria zamani kila moja ilifunga mwaka tarehe yake, kwa hiyo ikikaribia kufunga inaazimwa hela na wenzake, vitabu vinapendeza, wiki ijayo zinarudishwa zikampendezeshe mwingine! Mpaka 2009 zilipolazimishwa zote zifunge Desemba ndo mchezo ukaisha. Angalia pia wamiliki ni kina nani na bosi amekaa miaka mingapi, kule walishaweka kikomo cha miaka 10 toka 2010, na bosi wa zamani wa Oceanic Bank, Cecilia Ibru, alikiri makosa mahakamani mwaka huohuo akafungwa miezi 6 na mali nyingi zikachukuliwa.

Mwisho bima ya amana, ile inayokufidia benki ikifa. Wao wana shirika lao NDIC toka mwishoni mwa miaka ya 80, sisi tuna Bodi ya Bima ya Amana, DIB, toka 1994, na fidia yetu sasa kikomo chake ni milioni 7.5 kwa mteja kwenye benki moja. Akaunti 3 benki ileile hazikupi fidia 3. Kikundi kikiwa na milioni 20 gawanyeni benki tofauti, na muulizeni meneja kikundi kinahesabiwa mteja mmoja au vipi, akujibu kwa maandishi. Msidhani kufungwa benki ni mambo ya Naija tu, Januari 2018 BoT ilifunga 5 kwa siku moja kwa sababu ya mtaji mdogo.

Na wekeni taarifa sawa. Heritage Bank ilivyofungwa kule Nigeria Juni 2024, NDIC walikuwa wanatumia namba ya utambulisho wa kibenki kumtafutia mteja akaunti yake nyingine wamwingizie chake hukohuko. Sasa kikundi ambacho saini ni za mwenyekiti aliyehamia Mwanza na laini ya simu imeshafungwa, kitaanza kuhangaika na fomu wakati wenzao wameshalipwa, kwa hiyo kabla hamjaweka hata shilingi pitieni tawini mbadilishe majina ya wenye saini.